Theluji Haiui Mgomba, Aprili Ndiyo Inayoua

Wapendwa wa nyumbani Uganda, kuanzia Kabale mpaka Arua, habari zenu. Wazee wetu, shikamooni. Hapa ni uani, viungani mwa Boston, na hivi vitu mnavyoviona nyuma yangu kama matenga marefu yaliyoshindiliwa majani makavu, kila kimoja kina mgomba ndani yake. Leo nataka tuelewane jambo moja: mgomba unalalaje miezi mitano ya baridi, na kwa nini ukishavuka Januari salama bado unaweza kufa Aprili.

Matooke yetu hayawezi kulala nje huku, msidanganywe na mtu. Unaobaki ardhini ni mgomba unaoitwa Musa basjoo. Ndizi zake hazifai kuliwa, watu huupanda kwa uzuri wa majani tu, lakini tunguu lake, yaani kisiki kinene kilicho ardhini, likifunikwa vizuri huvumilia hata baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Matooke hukaa kwenye pipa na kuingizwa ndani usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10. Mmea wa nchi za joto hausubiri barafu ndipo uumie. Angalieni ndizi mbivu mkiiweka kwenye friji: ganda linakuwa jeusi, na friji haijafika sifuri. Baridi ya sifuri kushuka chini ni balaa jingine kabisa. Barafu inajitengeneza baina ya seli moja na nyingine, inafyonza maji yaliyomo ndani ya seli na kupasua ngozi zake. Ndiyo maana jani lililopigwa na sakitu, ule umande ulioganda kuwa barafu, huonekana zima alfajiri, na jua likishapanda linalegea na kuwa jeusi.

Sasa kazi yenyewe. Sakitu ya kwanza ikishachoma majani, kwa kawaida Oktoba, kata majani yote kwa panga. Shina usiliteremshe mpaka chini, liache kimo cha kiuno, sentimita 80 hadi 100, kwa sababu shina likivuka salama jani jipya hutokea juu kwenye kitovu chake na unakuwa umeokoa wiki nyingi za kukua. Piga vigingi vinne, zungushia waya wa kuku ukiacha nafasi ya sentimita 30 kila upande, halafu jaza majani makavu ya miti. Ya mwaloni ni bora kwa kuwa hayashikamani yakilowa. Nyasi mbichi hapana, zinachachuka na kuoza. Chini, tandaza matandazo unene wa sentimita 30. Juu weka kipande cha turubai kilicholala upande mmoja ili maji yateremke, na pembeni paachwe pakipumua.

Wengi huharibu hapo kwenye turubai. Wanalizungusha shina zima kwa nailoni na kukaza kamba. Mchana jua linapasha moto ndani, jasho linatoka, usiku jasho lile linaganda, na kesho yake yanaanza upya. Ikifika Machi ukifungua, unakutana na harufu ya uozo na shina laini kama uji. Maji yanaua migomba mingi kuliko theluji; theluji yenyewe ni blanketi.

Mayuni, yaani magimbi, na maua ya kana huchimbwa. Ingiza uma wa bustani mbali kidogo na shina, sentimita 30, ukisogea karibu utatoboa viazi na kila kidonda ni mlango wa kuvu. Kata majani ubakize kama sentimita 10, kung'uta udongo, anika mahali pakavu penye kivuli siku chache, kisha fukia ndani ya sanduku la maranda makavu. Kana inataka nyuzi 5 hadi 10, mayuni yanapenda joto kidogo zaidi, 10 hadi 13. Kila mwezi yakague: laini litupwe, lililosinyaa linyunyiziwe maji kidogo. Mimea ya kwenye mapipa punguza kuimwagilia, na geuza majani uangalie chini yake, maana hewa kavu ya nyumba yenye hita huleta utitiri kwa wingi.

Turudi kwa Aprili. Joto linapanda siku kumi mfululizo, mgomba unachomoza, na mikono inawasha kutaka kufungua kila kitu. Chipukizi jipya limejaa maji na halina ugumu wowote. Usiku wa kuamkia Mei 18, mwaka 2023, baridi ya ghafla ilipita kaskazini mashariki mwa Marekani na kuchoma matofaa na mizabibu iliyokuwa imeshachipua, Vermont na New York. Hiyo ni mimea ya huku huku. Mgomba je? Kwa hiyo punguza majani makavu kidogo kidogo, na yaliyotolewa yaweke karibu.

Usiku wa hatari una dalili: mbingu nyeupe bila wingu, upepo umetulia, hewa kavu. Joto la ardhi linapaa bila kizuizi, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, inateremkia mabondeni. Watu wa Kabale mnalijua hilo bila kufundishwa, asubuhi ukungu umelala bondeni na kilima kiko wazi. Mchana mwagilia udongo, kwa sababu udongo wenye maji hutunza joto zaidi ya mkavu. Kabla jua halijazama, funika kwa shuka au blanketi kuukuu lililoegemezwa juu ya vijiti, likashuka mpaka chini na kukandamizwa kwa mawe. Ukilifunga kama mwavuli kwenye shina umefanya kazi bure, maana joto unalolitafuta linatoka ardhini. Nailoni isiguse jani, panapogusa, panaungua. Asubuhi ondoa. Upepo wa baridi ukivuma, shuka peke yake halitoshi, rudisha yale majani makavu.

Na tafadhali, mwenye safari ya kuja huku asifiche chipukizi la mgomba kwenye sanduku. Sheria za karantini hazikubali, na sisi tunaoijua kiwotoka, ule ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba, tangu ilipoonekana Mukono mwaka 2001 tunaelewa ni kwa nini.

Chipukizi likishapigwa na baridi ya Aprili, usiling'oe. Ngoja siku mbili tatu, kisha kata kwa kisu kikali vipande vyembamba kutoka juu, ukishuka taratibu. Kahawia na laini, endelea. Ukifika penye weupe mgumu unaotoa maji safi, simama hapo. Siku chache za joto, na utaona kitovu kinasukuma jani jipya kupanda juu ya mkato.