Kilima cha Hild: Abasia ya Whitby na Paa Lake

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Nyinyi mnaotembeza wageni Kilwa Kisiwani na Gede mnalijua jambo hili kuliko mimi: nyumba ya mawe haianzi kufa ukutani, huanza kufa paani. Boriti zikishaoza, dari ikaporomoka, mvua ikaingia kwenye chokaa, ukuta nao umebakiwa na siku za kuhesabu. Naomba mlishike hilo, maana leo nawapeleka mbali, pwani ya mashariki ya Uingereza, katika mji wa wavuvi uitwao Whitby. Mto Esk unaingia Bahari ya Kaskazini hapo. Upande mmoja wa mto kuna ngazi 199 za mawe, na ukizimaliza unatokea juu ya kilima kikavu, chenye upepo mkali, kilichokatika ghafla baharini. Juu yake yamesimama magofu ya abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa, ya Wabenedikto, wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto: ukuta mrefu wa madirisha yaliyochongoka juu, na mbingu ndio dari yake.

Wageni wengi huyatazama mawe hayo wakaambiana, "Hapa ndipo alipoishi Mtakatifu Hilda." Kilima ndicho, lakini nyumba siyo. Hapo palijengwa mara mbili, na kati ya nyumba ya kwanza na ya pili ilipita miaka kama 200 ya ukiwa.

Nyumba ya kwanza ilianza kwa nadhiri. Mwaka 655 Oswiu, mfalme wa Northumbria, ufalme wa kaskazini, alikuwa akienda kupigana na Penda, mfalme wa Mercia, ufalme jirani, mwenye jeshi kubwa kuliko lake. Akaapa kwamba akishinda atamtoa binti yake awe mtawa, na atatoa mashamba 12 yajengwe monasteri. Akashinda. Binti huyo, Ælfflæd, alikuwa hajamaliza vizuri mwaka mmoja. Akakabidhiwa kwa Hild, ndiye huyo Hilda, mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyekuwa tayari abesi, yaani mama mkuu, wa nyumba nyingine, na mwaka 657 Hild akapata ardhi juu ya kilima hiki akajenga. Waliishi humo wanaume na wanawake, na wote, mapadre wakiwemo, walikuwa chini ya mama huyo. Mtawa Bede, aliyeandika historia yake mwaka 731, anasema waliomfahamu walimwita Mama, wafalme walimwendea kutaka shauri, na watu watano waliosoma kwake wakawa maaskofu.

Sasa nije kwenye mwaka 664, na hapa mtanisamehe nikikaa kidogo, maana hadhira ya pwani italielewa jambo hili bila kufafanuliwa sana. Ugomvi ulikuwa wa mwezi: Pasaka iangukie siku gani. Mfalme Oswiu alifundishwa dini na watawa wa Kiirishi. Malkia wake, Eanflæd, alitoka Kent, walikofuata hesabu ya Roma. Wairishi walipanga Pasaka kwa mzunguko wa miaka 84, Roma kwa mzunguko wa miaka 19. Wairishi walikubali Pasaka iangukie siku ya 14 ya mwezi ikiwa ni Jumapili. Roma walisema si kabla ya siku ya 15. Basi ikatokea nyumba moja, mume ameshafungua, anasherehekea Pasaka, na mke bado yumo katika Kwaresima, kwake ndiyo kwanza Jumapili ya Matawi. Nani kati yetu hajawahi kuona mtaa mmoja wanakula Idi na mtaa wa pili wamefunga?

Pande hizo mbili zikakutana kwa Hild. Askofu Colman akawasemea Wairishi, kijana Wilfrid akaisemea Roma. Wilfrid akamtaja Petro aliyekabidhiwa funguo za mbinguni. Mfalme akamuuliza Colman kama ni kweli Petro alipewa funguo hizo. Ni kweli, akajibu. Je, yule mtakatifu wenu mkubwa, Columba, naye alipewa uwezo kama huo? La, hakupewa. Mfalme akasema kwamba basi hatapingana na bawabu huyo, asije akafika mlangoni akakosa wa kumfungulia. Colman akakusanya watu wake akaondoka. Hild mwenyewe alikuwa upande wa Wairishi, upande ulioshindwa, na bado aliiongoza nyumba yake miaka 16 zaidi. Mimi hilo humpa heshima kubwa kuliko miujiza anayosimuliwa, kwamba aliwageuza nyoka wa kilima kuwa mawe. Mawe hayo ya mviringo yapo kweli, ni visukuku vya viumbe wa bahari ya kale, na wataalamu wameiita jamii yao mojawapo Hildoceras kwa jina lake.

Katika nyumba hiyo alikuwepo pia mchunga ng'ombe, mtu mzima, jina lake Caedmon. Karamuni kinubi kilizungushwa, kila mmoja aimbe zamu yake; yeye alipokiona kinamkaribia aliinuka akaondoka kwa aibu. Usiku mmoja, amelala zizini, akaota mtu anamwambia, "Caedmon, niimbie." Siwezi. "Hata hivyo, imba, imba mwanzo wa viumbe." Akaimba, na alipoamka beti zilikuwa bado kichwani. Hild akamwita, akawaweka wasomi wamsikilize, kisha akamtaka aingie utawa. Hakujua kusoma. Walimsimulia, naye, kwa maneno ya Bede, akicheua kama mnyama safi, akatoa mashairi. Mistari yake 9 ndiyo shairi la Kiingereza la zamani kuliko yote ambayo mtunzi wake anajulikana.

Katika karne ya 9 Wadenmaki walivamia, nyumba ikaisha. Yapata mwaka 1078 akaja Reinfrid, askari wa mfalme William aliyeacha upanga akawa mtawa, na ikaanza nyumba ya Wabenedikto. Waliopita Peramiho au Ndanda wanaijua kanuni hiyo: kengele, zaburi, kazi, zaburi tena. Kanisa tunaloliona leo lilianza kujengwa miaka ya 1220, na lilichukua vizazi kumalizika.

Tarehe 14 Desemba 1539 abati, mkuu wa watawa, Henry Davell aliikabidhi abasia kwa mfalme Henry VIII, aliyekuwa akifuta monasteri zote za nchi. Hakuna aliyebomoa kwa mizinga. Katika nyumba hizo zilizofutwa kilichotakiwa haraka kilikuwa kengele na paa, kwa sababu mapaa yalifunikwa kwa madini ya risasi, na risasi iliyeyushwa ikauzwa. Ukoo wa Cholmley ukachukua ardhi, ukajijengea nyumba kando kwa mawe ya watawa. Kanisa likaachiwa mvua. Kule maji huingia ufani, huganda majira ya baridi, hutanuka, hupasua jiwe. Mkono wa kusini wa kanisa ulianguka 1736, ukumbi mkubwa miaka ya 1760, mnara wa katikati 1830. Manowari za Wajerumani zilipoupiga mji makombora tarehe 16 Desemba 1914 na kuvunja uso wa magharibi, zilikuta gofu lililokwisha kuliwa karibu miaka 400.

Wachimbaji wa miaka ya 1920 walipata ardhini, upande wa kaskazini wa kanisa, mabaki ya nyumba ya Hild, na kalamu za shaba za kuandikia zikiwa humo.

Hild alifariki tarehe 17 Novemba 680, baada ya kuugua miaka 6. Usiku huo, Hackness, kiasi cha kilomita 20 kutoka pale, mtawa aitwaye Begu alikuwa amelala bwenini. Akasikia kengele iliyopigwa mtu anapokata roho. Akafumbua macho, na Bede anasema aliona paa la nyumba limefunuliwa, nuru ikamiminika mpaka ikajaza kila pembe.