Elimu ni haki, na haki ina pa kudaiwa

Ndugu zangu, mlionisikia siku za nyuma mtanivumilia, maana naanzia palepale: Ibara ya 17 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, mwaka 1981. Kila mtu ana haki ya elimu. Basi. Hakuna "kadiri bajeti itakavyoruhusu". Na bado viongozi wanatuambia elimu ni sera! Sera hubadilika akija waziri mwingine. Haki, ukinyimwa, unashtaki.

Fungueni Katiba yetu ya Tanzania. Ibara ya 11 inaitaja elimu vizuri kabisa. Rudini nyuma, ibara ya 7: masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama yoyote. Umepewa kwa mkono mmoja, umenyang'anywa kwa mwingine.

Nigeria nao wana katiba ya namna hiyohiyo. Fedha za elimu ya msingi zikachotwa. SERAP, shirika la kutetea haki la hukohuko Nigeria, halikuhangaika na katiba, likaenda Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, na Ibara ya 17 mkononi. Serikali ikajitetea kwa wimbo tunaoujua: elimu ni mwongozo wa sera tu, raia hawezi kuidai kisheria. Mwaka 2009 mahakama ikaukataa utetezi huo. Nigeria ilishauridhia Mkataba, haki hiyo inadaiwa. Mwaka uliofuata ikaamuru: wezi watafutwe, lakini wakati mnawatafuta, serikali izibe pengo. Mtoto asikae nje ya darasa akisubiri kesi ya mwizi iishe.

Najua yupo anayesema moyoni, "Nchi maskini italipa na nini?" Ndugu yangu, fedha zile zilikuwapo! Zilitengwa, zikaibwa. Umaskini unaingiaje hapo?

Muda unanibana. Wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito: Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ibara ya 11, unataka wapewe nafasi ya kuendelea na masomo. Waraka wa kuwarudisha tuliupata mwaka 2021. Waraka, si sheria. Hilo ni la siku nyingine.

Ila hili siliachi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha. Novemba 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililomruhusu raia na asasi kuifikia moja kwa moja. Mzazi wa Arusha anapita nje ya jengo lile na shauri lake hawezi kulipeleka. Wanasheria mliomo humu, naomba tuanze na hilo: tamko lirudishwe.