Jersey Joe Walcott na Kazi ya Refa: Mhadhara kwa Mabondia na Makocha wa Nakuru

Wazee wetu wa ndondi, makocha, mabondia wa kike na wa kiume, na nyinyi vijana mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimeisha: hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya bondia baada ya kutundika glavu. Ningeweza kuzungumza juu ya pesa, au afya, au ulevi uliotumalizia watu wetu. Nimechagua kazi moja tu, kazi ya refa, na nitaipitia kwa habari za mtu mmoja: Jersey Joe Walcott, bingwa wa dunia wa uzani wa juu. Alipigana kwa miaka 23. Siku hizi ukimtaja, wengi wanakumbuka dakika mbili alizosimama ulingoni kama refa kule Lewiston, Marekani, mwaka 1965. Hilo linaniuma, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Jina alilozaliwa nalo ni Arnold Raymond Cream. Alizaliwa New Jersey mwaka 1914, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Barbados. Baba alifariki kijana akiwa bado mdogo, ikambidi aache shule na kutafuta vibarua. Alipoanza ngumi za kulipwa mwaka 1930, alichukua jina la Joe Walcott wa zamani, Mbarbados aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani wa welter mwanzoni mwa karne ile, akaongeza "Jersey" mbele ili watu wajue kwao ni wapi.

Miaka 15 ya kwanza ilikuwa ya shida tupu. Nyinyi mnaobeba magunia pale Top Market asubuhi na jioni mnakuja mazoezini, huyu ni mwenzenu. Alikuwa na watoto sita. Alipigana bila mazoezi ya kutosha, wakati mwingine bila chakula cha kutosha, akaacha ndondi, akarudi, akaacha tena. Alifanya kazi katika viwanda vya meli wakati wa vita. Kocha mashuhuri Jack Blackburn alitaka kumchukua. Walcott akaugua homa ya matumbo, Blackburn akaenda Chicago bila yeye, na huko akamfundisha kijana mwingine. Kijana huyo alikuwa Joe Louis.

Sasa tufike Desemba 5, 1947. Walcott ana miaka 33, anamkabili Joe Louis huyo huyo kuwania taji la dunia. Pigano liko Madison Square Garden ya New York, ukumbi ambao wazee wetu hapa Nakuru waliupenda hadi wakaubandikia jina lake ukumbi wetu wa ngumi. Hakuna aliyempa Walcott nafasi. Raundi ya kwanza akamwangusha Louis. Raundi ya nne akamwangusha tena. Alikuwa na mwendo wake wa miguu: anageuka kana kwamba anaondoka, anakupa bega, unamfuata, kisha mkono wa kulia unatoka mahali usipoutarajia. Makocha, watafutieni vijana wenu filamu zake, muwaambie watazame miguu, wasitazame mikono.

Raundi 15 zikaisha. Siku zile New York refa naye alijaza kadi pamoja na majaji wawili. Majaji wote wawili walimpa Louis. Refa, Ruby Goldstein, alimpa Walcott raundi 7 kwa 6, mbili zikiwa sare. Taji likabaki kwa Louis na ukumbi mzima ukazomea. Mimi niko upande wa Goldstein. Yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, na yeye mwenyewe aliwahi kuwa bondia; alijua konde linalouma na konde linalogusa glavu tu.

Nakuru inalijua jambo hili kwa uchungu wake yenyewe. Philip Waruinge, bondia wa mji huu, alifika nusu fainali ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akakutana na Antonio Roldán, mwenyeji, mbele ya watu wake. Majaji watatu walimpa Roldán, wawili Waruinge. Akarudi na shaba, na pamoja nayo kombe la Val Barker, linalopewa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika mashindano. Fikirieni: bondia bora wa michezo yote, na hakufika fainali. Miaka minne baadaye, Munich 1972, alifika fainali akapoteza tena kwa majaji watatu kwa wawili, mbele ya Boris Kuznetsov wa Usovieti. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba waamuzi ni watu wa pembeni katika mchezo huu.

Turudi kwa Walcott. Louis alimwangusha kwa KO raundi ya 11 mwaka 1948. Ezzard Charles akamshinda mara mbili, 1949 na 1951. Mtu wa kawaida angekoma hapo. Julai 18, 1951, huko Pittsburgh, Walcott akamkabili Charles mara ya tatu, na raundi ya saba akamtandika konde la pembeni la mkono wa kushoto, Charles akalala na taji likawa la Walcott. Walcott alikuwa na miaka 37, mzee kuliko bingwa yeyote wa uzani wa juu kabla yake. Rekodi hiyo ilikaa hadi 1994, George Foreman alipoivunja akiwa na miaka 45.

Aliutetea mkanda mara moja dhidi ya Charles, Juni 1952, na refa wa pigano lile alikuwa Zack Clayton. Lishikeni jina hilo, nitalirudia. Septemba mwaka huo huo, Philadelphia, akakutana na Rocky Marciano. Raundi ya kwanza alimlambisha Marciano sakafu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Aliongoza kwenye kadi zote tatu hadi raundi ya 12. Raundi ya 13 mkono mmoja wa kulia wa Marciano ukamaliza kila kitu. Waliporudiana Chicago, Mei 1953, aliangushwa raundi ya kwanza, akahesabiwa hadi kumi akiwa ameketi, akainuka akilalamika kwamba refa alihesabu haraka mno. Huo ukawa mwisho wake kama bondia. Wekeni akilini kwamba mtu huyu aliachana na ulingo akilalamikia hesabu.

Mei 25, 1965. Muhammad Ali na Sonny Liston wanarudiana. Pigano lilipangwa Boston, Novemba 1964, likaahirishwa Ali alipofanyiwa upasuaji wa ngiri, na mwishowe likahamia Lewiston, mji mdogo wa Maine, kwenye ukumbi wa vijana uliozoea mchezo wa magongo ya barafuni. Watazamaji walikuwa 2,434. Refa: Jersey Joe Walcott.

Katikati ya raundi ya kwanza Ali alirusha mkono wa kulia mfupi, Liston akaanguka. Wengine mpaka leo wanabishana kama konde lile lilikuwa na uzito wowote. Mimi siku hii sina haja na konde. Nina haja na refa.

Nyinyi mnaojifunza, nisikilizeni sana hapa. Bondia akianguka, mtunza muda anaanza hesabu papo hapo, akigonga au akiinua vidole. Refa anampeleka aliyeangusha kwenye kona nyeupe, ile isiyo ya bondia yeyote, kisha anageuka, anaitazama hesabu ya mtunza muda na kuiendeleza kwa sauti kutoka pale ilipofika. Aliyesimama akikataa kwenda kona, refa anasimamisha hesabu mpaka aende. Sheria hiyo inajulikana tangu Septemba 1927, Chicago, Jack Dempsey alipomwangusha Gene Tunney akabaki amemsimamia. Refa Dave Barry hakuanza kuhesabu mpaka Dempsey alipokwenda kona, Tunney akapata kama sekunde 14 za kupumua, akainuka, akashinda. Watu walimlaumu Barry kwa miaka mingi. Alikuwa amefuata sheria.

Walcott hakufanya hata moja kati ya hayo mawili: hakumpeleka Ali kona, wala hakuifuata hesabu ya mtunza muda. Ali alisimama juu ya Liston akipiga kelele kwamba ainuke apigane, kisha akazunguka ulingo mzima akirukaruka. Walcott alimkimbilia Ali kumsukuma, na kwa kumkimbilia akampa mgongo mtunza muda. Hesabu ilikuwa ikiendelea chini ya ulingo, yeye haisikii. Liston akajaribu kuinuka, akaanguka tena, akainuka. Walcott akampangusa glavu na mabondia wakaanza kupigana upya. Hapo Nat Fleischer, mhariri wa jarida la The Ring, aliyekuwa tu mtazamaji wa karibu bila cheo chochote katika pigano lile, akamwita kwa sauti kwamba Liston alikwisha kupitisha hesabu ya kumi. Walcott akawaacha mabondia wakirushiana makonde, akaenda kwenye kamba kuzungumza, kisha akarudi mbio kumwinua Ali mkono.

Mabondia wawili wa uzani wa juu wanapigana, na refa amewageuzia mgongo anaongea na mtu nje ya kamba! Hakuna konde nililoliona katika filamu za ndondi linalonitisha kama sekunde zile.

Walcott alijitetea kwamba kuhesabu kusingebadilisha lolote kwa sababu Liston alikuwa amekwisha, na kwamba alihofia Ali angemwumiza. Hofu hiyo naiamini. Ni hofu ya mtu aliyewahi kulala pale chini. Lakini huruma bila utaratibu haikumlinda Liston, maana aliruhusiwa kupigana tena akiwa ameduwaa. Walcott hakupewa tena pigano la kusimamia.

Na hakuwa peke yake. Ruby Goldstein, yule niliyemsifu, mwaka 1962 alisimamia pigano la Emile Griffith na Benny Paret. Raundi ya 12 Paret alinaswa kwenye kona akapigwa mfululizo, Goldstein akachelewa kuingia, na Paret akafariki siku kumi baadaye. Joe Louis alipewa pigano la Joe Frazier na Jerry Quarry mwaka 1974, akalaumiwa kwa kumwacha Quarry aendelee kupigwa uso ukiwa umechanika. Na yule Zack Clayton? Ndiye aliyesimama Kinshasa, Oktoba 1974, akamhesabu George Foreman mbele ya Ali raundi ya nane bila kupoteza hesabu. Clayton alipata jina lake kwanza katika mpira wa kikapu.

Sisemi bondia asiwe refa. Nasema kinyume. Ninawataka mabondia wetu wastaafu katika kazi hii, wote wenye moyo nayo, kwa sababu bondia anayaona magoti yanayolegea kabla daktari hajayaona. Kosa la Lewiston ni la waliomteua mtu kwa jina lake kubwa wakadhani jina linajua kuhesabu. Tukimpa bondia wetu mstaafu shati jeupe siku ya mashindano kama zawadi ya heshima, tunamtega. Kwanza akae na saa chini ya ulingo, ahesabu mpaka sekunde ziwe kwenye damu yake. Kisha ajaze kadi pembeni, zilinganishwe na za wenye uzoefu. Ndipo apande.

Na msidhani mtashukuriwa. Robert Wangila, dhahabu yetu ya Seoul 1988, Julai 1994 alipigana Las Vegas. Refa alilisimamisha pigano raundi ya tisa, Wangila akalalamika kwamba bado ana nguvu. Alitoka ulingoni kwa miguu yake, akapoteza fahamu muda mfupi baadaye, akafariki. Bondia hajui hali yake mwenyewe. Refa analipwa ajue kwa niaba yake.

Walcott hakuangamia kwa sababu ya Lewiston. Mwaka 1971 alichaguliwa sherifu wa kaunti ya Camden, Mmarekani mweusi wa kwanza kushika cheo hicho huko, na kuanzia 1975 hadi 1984 aliongoza tume inayosimamia ndondi katika jimbo zima la New Jersey. Alifariki Februari 1994, akiwa na miaka 80.

Maneno yametosha. Nahitaji mabondia wawili wavae glavu na wapande ulingoni. Mmoja ataanguka nikimpa ishara. Mzee wetu wa saa, tafadhali kaa pale mezani na uanze hesabu bila kunisubiri. Nyinyi mnaotaka urefa, pangeni foleni upande wa kona nyekundu. Kila mmoja atapanda zamu yake, na nitamwambia aliyesimama akatae kwenda kona.