Bawaba ya Mti: Mhadhara kwa Wakata Miti wa Masindi

Shikamooni wazee wangu, hamjambo vijana.

Wengi wenu mmekulia kando ya msitu wa Budongo na pawasoo, huu msumeno wa injini, mnaijua. Leo nataka tuzungumze juu ya sehemu moja tu ya mti, ile usiyopaswa kuikata.

Chukueni mvule wenye kipenyo cha mita 1. Upande unakotaka uangukie, fungua mdomo, yaani pengo la kabari, wa kina cha sentimita 20 hadi 25, basi. Kisha zunguka nyuma, kata juu kidogo ya kona ya mdomo huo, na usimame ukibakiza ukanda wa sentimita 10 hivi, unene uleule toka ubavu hadi ubavu. Hiyo ndiyo bawaba. Mti ukiinama, bawaba huuongoza na kuuzuia usijipinde. Wapo mafundi wanaokata mpaka upanga wa msumeno, ule ubao wa chuma unaozungukwa na mnyororo, utokee mdomoni, eti mti ushuke upesi. Ndugu zangu, mti huo hauna tena wa kuushika. Utaangukia utakako wenyewe.

Ulioegemea mbele sana ndio unaonitia hofu zaidi. Ukiukata nyuma kwa kawaida, uzito wake huuvuta kabla hujafika kwenye bawaba. Shina hupasuka wima, na kipande cha nyuma hufyatuka usawa wa uso wako. Dawa yake ni kutoboa. Mdomo ukiwa tayari, ingiza upanga ubavuni, nyuma ya bawaba, ukianza na upande wa chini wa ncha. Ule wa juu ukigusa kwanza, msumeno utakurukia. Ukitokea ng'ambo, kata kuelekea nyuma, ubakize ukanda mgongoni. Huo ukate mwisho, umesimama kando.

Tazameni pia unga unaotoka kwenye msumeno. Chenga zikitoka, mnyororo ni mkali. Likitoka vumbi laini, simama unoe. Mvule hasa huficha mawe ya chokaa ndani ya shina, meno yakaisha mara moja.

Njia ya kukimbilia isafishwe mapema, nyuma kwa mshazari. Watazamaji, na mvule ukianguka kijiji kizima huja, watoto mbele wakingoja kuni, wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti: mita 35 za mti, mita 70 za umbali. Hilo silegezi hata kwa mwenye shamba.

Mti ukianza kulia, toa msumeno, funga breki, ondoka ukitazama juu, kwani matawi huvunjika na kurudi. Mti ukinasa kwenye mti mwingine, asiingie mtu chini yake. Uvuteni kwa trekta na kamba ndefu. Kama trekta halipo leo, zungushieni mahali hapo alama, mrudi nalo kesho.