Pedali ya Kushoto

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo nimeingia studio na grisi mpaka kwenye kucha, hata kaka Bakari amelazimika kunisogezea maikrofoni yeye mwenyewe. Ile ahadi niliyoitoa mbele yenu, kwamba nitajifunza kuendesha baiskeli katika utu uzima wangu, nimeanza kuitimiza: Jumatatu nilinunua baiskeli, ya kwanza katika maisha yangu.

BAKARI: Hongera sana, dada Salma, ingawa hukuniita tukaiangalie pamoja.

SALMA: Sikukuita kwa sababu nilijua ungenisihi nichukue iliyo kubwa zaidi. Tutafika huko.

BAKARI: Tutafika. Kwa leo tulipanga mambo manne: gia, breki, namna ya kukagua baiskeli iliyokwisha kutumika, na fedha ambazo mnunuzi anapaswa kuzitenga kando kwa ajili ya kufuli, pampu na taa. Lakini kwanza tupe habari ya hiyo grisi.

SALMA: Nilikusudia kujifunza mizani kabla ya kujifunza kukanyaga. Mtu hushusha kiti mpaka nyayo zake zote mbili zitulie chini, akaziondoa pedali, kisha akawa anasukuma ardhi kwa miguu na kujiachia hatua chache, mpaka mwili uelewe kwamba baiskeli ikianza kulalia kushoto, usukani nao unageuzwa kidogo kushoto ili magurudumu yarudi chini ya uzito. Watu hudhani ni njia ya watoto tu, lakini baiskeli yenyewe ilianza hivyo. Chombo alichokitengeneza Karl Drais nchini Ujerumani mwaka 1817 kilikuwa na magurudumu mawili na usukani, hakikuwa na pedali hata moja, na waliokipanda walikuwa watu wazima.

BAKARI: Na pedali zako zikatoka?

SALMA: Ya kulia ilitoka mara moja. Ya kushoto ikakataa. Nilivuta spana, nikaikanyaga kwa mguu, kisha nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wake ili nipate nguvu zaidi. Jumanne jirani yangu akaja kunisaidia, tukashindwa wote wawili. Jumatano ndipo nilipong'amua kwamba kwa muda wote huo tulikuwa tunaikaza.

BAKARI: Pole sana. Pedali ya kushoto hufunguka kinyume na skrubu nyingine unazozijua. Hesi yake, yaani ile mistari ya kuzungukia iliyochongwa kwenye skrubu, imeelekea upande wa pili.

SALMA: Hilo nimekwisha kulijua kwa viganja vyangu. Ninachotaka kukijua ni sababu yake, maana nimekaa na swali hili tangu Jumatano.

BAKARI: Chukua kalamu hiyo. Kutanisha kidole gumba na kidole cha shahada vifanye duara, halafu mkono wa pili uipitishe kalamu humo ndani, ikiwa imelegea, ikitambaa kwenye ukingo wa duara kuelekea kulia. Iache ijizungukie yenyewe. Inajizungusha kwenda wapi?

SALMA: Subiri. Inajizungusha kwenda kushoto. Mimi ninaipeleka kulia, yenyewe inajiviringisha kushoto.

BAKARI: Ndivyo inavyofanya ekseli ya pedali, kile chuma kinachoingia kwenye mkono wa pedali, ndani ya tundu lake. Hata ukiikaza vipi hubaki nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho. Mguu unakandamiza kuelekea chini huku mkono wa pedali ukizunguka, kwa hiyo mahali ekseli inapogusa tundu panahamahama, na ekseli inajiviringisha kidogo kidogo kama kalamu hiyo. Upande wa kulia mwendo huo huikaza hesi ya kawaida. Upande wa kushoto ungeifungua, na pedali ingekudondokea njiani. Ndiyo maana hesi ya kushoto imegeuzwa.

SALMA: Mimi nilidhani ni msuguano wa golori zilizo ndani ya pedali.

BAKARI: Wengi hudhani hivyo, lakini msuguano huo huvuta upande wa kufungua, nao ni mdogo. Kinachoshinda ni huku kujiviringisha.

SALMA: Basi nipe kanuni ambayo mtu aliyechoka, amechuchumaa gizani, anaweza kuikumbuka.

BAKARI: Simama upande wa pedali unayotaka kuitoa, weka spana ikiwa imeelekea juu, kisha ivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili hufunguka hivyo, na ukiisukuma kuelekea mbele unakaza. Spana ya milimita 15 ndiyo inayokaa kwenye pedali nyingi, na mwishoni mwa ekseli huwa kuna herufi R kwa ya kulia na L kwa ya kushoto.

SALMA: Zangu zinazo. Niliziona baada ya kufuta matope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

BAKARI: Naomba nikae hapo hapo kwenye pedali, kwa sababu mtu mwenye fedha kidogo anayetafuta baiskeli iliyotumika ataokoa nyingi akiitazama vizuri. Izungushe kwa mkono uone kama inakwenda sawa, kisha simama nyuma ya baiskeli uangalie kama imelala mlalo. Iliyokaa kombo huenda iliingizwa upande usio wake, au iliwahi kulazimishwa na mtu asiyejua habari ya hesi ya kinyume. Hesi ya chuma cha ekseli ni ngumu, ilhali mikono mingi ya pedali ni ya alumini, ambayo ni laini, na ikichanwa ndani haishiki tena. Hapo unanunua mkono mzima, na bei nafuu uliyoifurahia imekwisha.

SALMA: Nimeuangalia wangu kwa tochi. Hesi ni nzima. Na sasa nataka tuseme lile ambalo tumekuwa tukilikwepa.

BAKARI: Ukubwa wa fremu.

SALMA: Nimechagua fremu ndogo iliyoshuka katikati, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Mtu mzima anayeanza haogopi kama mtoto. Mtoto akianguka huanguka kutoka chini na huinuka, lakini mimi nina miaka 41, nina magoti, nina kazi ya kwenda kesho yake. Baiskeli ambayo nikiikalia miguu inaning'inia, nitaipanda mara mbili na mara ya tatu nitaiegemeza ukutani, na baiskeli iliyoegemezwa ukutani ni ghali hata kama ulipewa bure. Frances Willard, mwanamke mtetezi wa haki za wanawake wa Marekani, alijifunza kuendesha akiwa na miaka 53, katika zama ambazo sketi ilifika kifundoni. Nasi tukiondolewa hofu tutajifunza.

BAKARI: Hofu naiheshimu, dada yangu, ila hofu hukaa wiki chache tu na fremu hukaa miaka. Ukishajua kuendesha, kiti kinatakiwa kipande mpaka kisigino chako kikiwa kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke, ili ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo goti likunjike kidogo tu. Kwenye fremu ndogo utaliinua bomba la kiti mpaka ufikie ule mstari wa mwisho uliochorwa juu yake, ambao haufai kuonekana nje, na bado goti litakuwa limekunjamana. Utaumia, utauza, utanunua nyingine. Baiskeli mbili za bei nafuu zinakuwa ghali kuliko moja iliyokutosha.

SALMA: Fremu ndogo inaweza kuinuliwa kiti, lakini fremu kubwa haiwezi kushushwa chini ya pale bomba lake linapoishia. Mwenye ndogo ana njia ya kwenda, mwenye kubwa hana njia ya kuanza.

BAKARI: Kiti kinainuka, ila urefu wa kutoka kitini hadi usukani hauongezeki kwa kipimo hicho. Utaendesha umejikunja, magoti yakikaribia mikono. Mimi namwambia anayeanza aazime baiskeli ndogo kwa muda wa kujifunzia mizani, na fedha yake aitumie kununua inayolingana na mwili wake, ambayo akisimama ameipandia, nyayo zikiwa chini, bomba la juu linabaki sentimita 2 hadi 5 chini ya msamba.

SALMA: Kuazima ni maneno ya mtu aliyezungukwa na wenye baiskeli. Mwanamke wa umri wangu anamwazima nani? Na akiazima, ataondoa pedali za watu?

BAKARI: Hapo kwenye pedali za watu umesema kweli. Kwenye fremu bado sijakubali.

SALMA: Wala mimi sijakubali. Wiki hii nimeketi kwenye kiti hicho, nyayo zote mbili chini, na kwa mara ya kwanza nimejiachia hatua nne bila kugusa ardhi. Nne, kaka Bakari. Nilizihesabu. Fremu ya kimo unachokitaka isingenipa hata moja.

BAKARI: Nazifurahia zote nne, kwa moyo wote. Lakini mwezi wa sita ukianza kushika magoti nitakukumbusha.

SALMA: Nikumbushe. Fundi wa mitambo ananionyesha vidole viwili, nadhani ni dakika mbili.

BAKARI: Ni dakika mbili, na hatujagusa gia wala breki.

SALMA: Wala fedha za kufuli.

BAKARI: Basi tuyaache yote, kwa kuwa breki haisemwi kwa dakika mbili. Anayekwenda kutazama baiskeli kabla hatujarudi na afanye jambo moja tu: abane breki ya mbele, aisukume na kuivuta baiskeli mbele na nyuma, na akisikia mgongano shingoni mwa usukani asilipe kabla fundi hajaiona.

SALMA: Na atazame pedali ya kushoto.

BAKARI: Na pedali ya kushoto. Kesho nitakuletea spana ya milimita 15 tuirudishe ukiwa tayari. Je, kiti nacho tukiinue kidogo?

SALMA: Kiti kinabaki pale pale kilipo.