Farasi Haulizi Kisa Chako

Wenzangu, hamjambo. Wazee mliofika, shikamooni.

Mimi nimelelewa Lamu, mji wa punda. Farasi hatukuwa naye. Zamani nagana, maradhi yaletwayo na mbung'o, iliwaua farasi wengi waliopelekwa bara, na ndiyo sababu mojawapo wengi wetu humjua mnyama huyu kwa picha tu. Basi, kabla ya kueleza jinsi farasi anavyosaidia katika tiba ya moyo wenye majonzi, niruhusuni nianzie mbali, Denmark.

Mwaka 1944 mpanda farasi Lis Hartel, mwenye umri wa miaka 23 na mimba tumboni, alipatwa na polio. Miguu ilipooza kuanzia magotini kwenda chini. Alijifungua salama, akajifunza upya kuinua mikono, kutambaa, kisha kutembea kwa magongo, halafu akarudi kwa farasi. Mwaka 1952 alishiriki Olimpiki ya Helsinki katika mchezo ambao farasi hufuata ishara ndogo ndogo za mpandaji, na ishara hizo kwa kawaida hutolewa kwa miguu. Yeye alimwongoza farasi wake, Jubilee, kwa uzito wa mwili na mgongo. Ilibidi apandishwe na kushushwa na watu, na alitwaa medali ya fedha. Miaka minne baadaye akaipata tena. Habari zake ziliwapa watu wengi Ulaya na Marekani moyo wa kuanzisha vituo vya kupandisha farasi watu wenye ulemavu.

Hiyo ilikuwa habari ya viungo vya mwili. Leo nataka tuzungumze juu ya moyo, na hapa mara nyingi mtu hapandi farasi kabisa. Husimama naye chini, uwanjani, kamba mkononi. Pembeni wapo watu wawili: mshauri aliyesomea afya ya akili, na mjuzi wa farasi.

Kwa nini farasi? Kwa sababu ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pande mbili za kichwa, akaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia. Kila sikio hugeuka peke yake. Uhai wake wategemea kusoma miili ya wengine mapema. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuwaonyesha farasi picha za nyuso za watu. Mbele ya uso wenye hasira, mapigo ya moyo wa farasi yalipanda haraka zaidi, na walielekea kuutazama kwa jicho la kushoto, kama wafanyavyo kwa kitu cha kutisha.

Niwaambieni yaliyonipata. Nilikwenda kwenye kikao cha namna hii mara ya kwanza miezi miwili baada ya kumzika mama. Kila aliyenipa pole nilimjibu, "Alhamdulillahi, nimepoa." Wazee husema mwenye kovu usidhani kapoa, lakini mimi nilitaka watu wadhani hivyo. Nikapewa kamba, nikaambiwa nitembee na farasi jike mmoja wa kijivu. Akagoma. Nikavuta, akakita kwato. Nikavuta zaidi, akainua kichwa juu kabisa. Mshauri akaniuliza swali moja tu: "Pumzi yako iko wapi?" Nilikuwa nimeibana, sijui tangu lini. Nilipoiachia nikalia, na mkono ukalegea. Yule farasi akashusha kichwa, akaanza kulamba midomo na kutafunatafuna, kisha akapiga hatua kunifuata.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Farasi hakujua kwamba mama amefariki. Alichokijua ni kwamba kamba imekaza na mtu huyu hapumui. Tiba ilianza mshauri aliponiuliza tena, kwa upole, ni nani mwingine nyumbani ninayemvuta hivyo. Nikawafikiria wadogo zangu, niliowakataza kulia mbele yangu. Bila swali lile ningerudi nyumbani na hadithi nzuri ya farasi, basi.

Kwa hiyo msikubali anayewauzia farasi kama mganga. Ushahidi upo, lakini bado ni mchanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwafuatilia wanajeshi wastaafu 63 wenye kiwewe cha vita, waliohudhuria kwa vikundi vikao 8 vya dakika 90, kimoja kila wiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dalili za kiwewe na za sonona zimepungua. Hata hivyo, hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mteja wenu asiambiwe aache dawa zake.

Na farasi naye ana haki yake. Akilaza masikio nyuma na kupigapiga mkia, amechoka au ameudhika. Kikao kisimame, hata kama mteja alikuwa karibu kusema neno kubwa. Hatuwezi kuponya kiumbe mmoja kwa kumtesa mwingine.

Kesho asubuhi tutakwenda zizini. Vaeni viatu vilivyofunika vidole. Msimwendee farasi kwa nyuma wala msimkabili usoni. Mjieni upande wa bega, mkisema naye taratibu, kisha simameni. Asiyetaka kumgusa asimguse. Kuna viti kivulini, na kukaa hapo ukimtazama ni sehemu ya somo vilevile.