Kalsiamu Haisukumi, Huachilia Tu

ZUHURA: Kaka Hamisi, msukumo wa umeme unapofika mwisho wa seli ya neva, kalsiamu huingia, na kemikali za kupeleka ujumbe humwagwa nje hata kabla ya milisekunde moja kutimia. Protini hupata wapi muda wa kukutana na kushikana?

HAMISI: Hazikutani wakati huo, dada Zuhura, kwa maana zilikwisha kushikana kabla ya msukumo kufika. Kemikali hizo hukaa ndani ya vifuko vyenye kipenyo cha nanomita 40 hivi, na kwenye utando wa kila kifuko imepachikwa protini iitwayo sinaptobrevini, ilhali utando wa seli una protini nyingine mbili, sintaksini na SNAP-25. Zote tatu husokotana zikawa kitita cha nyuzi nne, kwa kuwa SNAP-25 peke yake hutoa nyuzi mbili, na msokoto huo hujifunga kama zipu, kuanzia ncha zilizo mbali kuelekea kwenye tando zenyewe, hadi kifuko kikabanwa dhidi ya utando wa seli.

ZUHURA: Kwa nini kibanwe kwa nguvu?

HAMISI: Kwa sababu tando mbili hufukuzana: nyuso zake zina chaji hasi na zimeng'ang'ania maji. Nishati inayotolewa na msokoto ndiyo inayoshinda ukinzani huo.

ZUHURA: Ikiwa nishati imo tayari, kinachozuia kifuko kisipasuke ovyo ni nini?

HAMISI: Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote. Protini iitwayo Munc18 huishika sintaksini ikiwa imejikunja, nyingine iitwayo Munc13 husaidia kuikunjua, kisha ya tatu, kompleksini, hukikumbatia kitita kilichosokotwa nusu, kana kwamba inakizuia kisimalize msokoto. Kazi ya kompleksini bado inabishaniwa, nami naona ubishi huo ni wa haki, kwani panya walioondolewa protini hiyo hupungukiwa na umwagaji unaoamshwa na msukumo, jambo ambalo hatungelitarajia kwa kizuizi kitupu. Anayeisikia kalsiamu ni protini iitwayo sinaptotagmini: ayoni za kalsiamu zikishaishika, sehemu zake mbili hujichomeka katika mafuta ya utando, zuio huondoka, na msokoto humalizika.

ZUHURA: Na baada ya hapo?

HAMISI: Protini iitwayo NSF hutumia ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ya seli, kukisokotoa kitita, maana yake kukifungua, ili protini zitumike tena. James Rothman, aliyeichunguza NSF, na Thomas Südhof, aliyeichunguza sinaptotagmini, walipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2013 pamoja na Randy Schekman.

ZUHURA: Nimesoma kwamba sumu ya pepopunda na sumu ya botulini ya aina B huikata sinaptobrevini mahali pale pale. Mbona basi pepopunda hukaza misuli, na botulini huilegeza?

HAMISI: Tofauti ni seli inayokatiwa protini hiyo. Botulini hubaki kwenye miisho ya neva za misuli, ikazuia amri ya kukaza isitoke. Sumu ya pepopunda husafiri ndani ya neva hizo hizo hadi kwenye uti wa mgongo, ikahamia katika seli jirani ambazo kazi yake ni kuzituliza neva za misuli, na seli hizo zikishindwa kumwaga kemikali zao, misuli hukazwa pasipo wa kuizuia.